Maradhi ya Mishipa ya Moyo: Je, Kuacha Dawa ni Kumtegemea Mungu?

Kila aangukapo mtu akafa kwa moyo, hali jana alikuwa dukani kwake au msikitini, watu husema: "Amekufa ghafula." Na baada ya neno hilo hufuata la pili: "Ndiyo kadari yake." Neno la pili ni haki, wala hapana Muislamu awezaye kulipinga, kwani kila nafsi ina muda wake uliokwisha kuandikwa. Lakini neno la kwanza si kweli kwa wengi katika hao waangukao. Na kwa kuwa maneno haya mawili hutamkwa pamoja, lile lisilo kweli huingia likajificha ndani ya lile lililo kweli, na watu wakaondoka matangani na itikadi mbovu wasiyoijua: ya kuwa maradhi haya hayana mwanzo, hayana sababu, wala hapana alifanyalo mtu likamfaa.

Tumeonelea basi tuyaandike haya, baada ya kuyazungumza katika darsa kwa majuma kadhaa, na baada ya kuwauliza matabibu yale yaliyo ya utabibu, ili tusije tukasema tusilolijua.

Kwanza yatupasa tuyajue maradhi yenyewe. Moyo ni pande la nyama lisilopumzika. Hupiga kiasi cha mara laki moja kwa mchana mmoja na usiku wake, na nyama ifanyayo kazi namna hiyo haina budi kulishwa. Wengi hudhani kuwa moyo hujilisha kwa hiyo damu ipitayo ndani yake. Sivyo. Damu iliyo ndani ya vyumba vya moyo ni ya kupita tu, mfano wa mchukuzi wa bandarini apitaye na gunia la mchele begani: mchele si wake, na njaa yake yuko nayo. Chakula cha moyo huja kwa mishipa miwili midogo, wa kulia na wa kushoto, itokayo katika mshipa mkuu pale pale uanzapo kutoka moyoni, kisha ikauzunguka moyo kwa nje kama taji, na kutawanya matawi yake ndani ya nyama.

Na ni vyema vijana wetu wajue kuwa elimu hii haikuanzia Ulaya. Ibn Sina, pamoja na ukubwa wake, alikuwa na kauli ya kuwa moyo hulishwa na damu iliyomo chumbani mwake. Aliyempinga ni Alauddin Ibn al-Nafis, aliyesoma Damascus akaishi Cairo na kufa huko mwaka 1288. Katika sharhi aliyoitungia sehemu ya kitabu cha Ibn Sina ihusuyo viungo vya mwili, alisema kuwa chakula cha moyo hutoka katika damu ya mishipa iliyoenea katika mwili wa moyo wenyewe. Bwana huyu hakuwa tabibu tu. Alikuwa mwanachuoni wa fikihi wa madhehebu yetu ya Imamu Shafi'i, akisomesha fikihi katika madrasa ya Masruriyya, na alipokufa aliiachia nyumba yake na vitabu vyake hospitali ya Mansuri mjini Cairo. Twamtaja kwa sababu wako leo watuambiao kuwa kazi ya mwalimu wa dini ni tohara na mirathi, na mambo ya mishipa ya damu awaachie wenyewe. Lau Ibn al-Nafis angaliwasikiliza watu kama hawa, tusingalikuwa na lolote la kujifakhiri leo.

Turudi kwenye mishipa. Mafuta yaitwayo kolestroli, yakizidi katika damu, huingia ndani ya ukuta wa mshipa na kukaa humo. Watu hupiga mfano wa bomba la maji lililoziba kwa uchafu, na mfano huo wapoteza, kwani humfanya mtu adhani kuwa uchafu umekaa juu ya ukuta na waweza kusafishwa kwa kunywa kitu. Mfano ulio karibu zaidi ni ukuta wa nyumba zetu za mawe za mji wa kale. Unyevu na chumvi huingia ndani ya ukuta mwaka baada ya mwaka, na kwa nje chokaa ni nyeupe na mgeni husifu. Kisha siku moja chokaa hufura, ikapasuka na kuanguka, na mwenye nyumba akasema: "Ukuta umebomoka leo." Vivyo hivyo uvimbe wa mafuta ulio ndani ya mshipa. Upasukapo, damu huganda juu yake kama igandavyo juu ya jeraha, na kwa muda mchache njia yote imezibika, na sehemu ya moyo iliyokuwa ikilishwa na mshipa ule huanza kufa.

Hapa pana jambo moja ambalo tulipoelezwa lilitushitua. Uvimbe upasukao, mara nyingi si ule ulioibana njia sana. Ule uibanao sana humpa mwenyewe ishara: apandapo ngazi au atembeapo upesi huhisi kifua kinabanwa, na akipumzika hutulia. Lakini ule mdogo, usioibana njia, hauna ishara hata moja mpaka siku ya kupasuka. Basi kutohisi kitu si dalili ya usalama. Mwaka 1953 madaktari wa Marekani walitoa khabari za askari wao 300 waliouawa katika vita vya Korea, ambao mioyo yao ilipasuliwa ikatazamwa. Umri wao kwa wastani ulikuwa miaka 22. Zaidi ya robo tatu yao walikwisha kuwa na dalili za maradhi haya katika mishipa ya moyo, na hao ni vijana waliopimwa wakaonekana wafaa kwa vita! Ndiyo maana tukasema kuwa neno "ghafula" si kweli. Kifo kilikuja kwa saa moja, ama maradhi yalikuja kwa miaka ishirini au thalathini.

Sababu zake zajulikana, nasi hatutazirefushia maneno. Ni moshi wa tumbaku, shinikizo la damu ambalo watu huliita presha, maradhi ya sukari, kolestroli kuzidi, tumbo kuwa kubwa, na kukaa kitako mchana kutwa. Na iko nasaba pia: mtu ambaye baba yake au ndugu yake wa kiume alipatwa kabla ya miaka 55, au mama yake au dada yake kabla ya 65, khatari yake ni zaidi kuliko mwengine. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2004, uliokusanya watu wa nchi 52 zikiwamo za Afrika, ulionyesha kuwa mambo tisa ya namna hii ndiyo yaliyo nyuma ya karibu mishtuko tisa ya moyo katika kila kumi. Kwa hivyo wasemao kuwa haya ni maradhi ya Wazungu na matajiri wamechelewa. Samli, nyama ya mafuta, mafuta yaliyokaangiwa mara tatu na nne barabarani, sigara baada ya kahawa: hivi havimuulizi mtu kabila lake.

Sasa twaingia katika mas'ala yenyewe. Mtu ameambiwa na daktari kuwa mishipa ya moyo wake ina maradhi. Ameandikiwa vidonge vya kuzuia damu isigande, vya kupunguza kolestroli, na vya presha, anywe kila siku maisha yake yote. Haumwi na kitu. Akaviacha, akasema: "Mimi namtegemea Mungu." Je, neno hili ni la tawakali, au ni la nini?

Yatupasa tuwe wakweli. Maulamaa wetu wa zamani wengi hawakusema kuwa kujitibu ni faradhi. Katika madhehebu yetu kujitibu ni sunna, na wako wengine waliosema kuwa kuacha ni bora kwa aliye na yakini ya nguvu. Mwenye kuacha vidonge akiwa amesoma kidogo, atakuja na kauli hizi mkononi, na si haki kumjibu kwa kuzificha. Bali tumuulize: maulamaa hao walisema hivyo kwa sababu gani?

Sababu imeelezwa wazi na Imamu Ghazali katika sehemu ya Ihya izungumzayo tawakali. Yeye amezigawanya sababu ziondoazo madhara mafungu matatu. Liko fungu la yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa. Na kuliacha hili panapo khofu ya kufa si tawakali hata kidogo, bali ni haramu. Liko fungu la dhana, nalo ndilo la dawa za matabibu wa zama zake na kuumika na mfano wa hayo. Hili halipingani na tawakali, wala mwenye kuliacha hana dhambi. Na liko fungu la wahamu, ambalo mwenye tawakali huliepuka. Basi tazama, ewe msomaji: dawa haikutolewa katika fungu la mkate kwa kuwa ni dawa. Ilitolewa kwa kuwa faida yake ilikuwa na shaka. Tabibu wa zama zile alikuwa akijaribu. Mara hufaa, mara hudhuru, wala hapakuwa na njia ya kupambanua. Na hukumu ikiwa imesimama juu ya sababu, sababu ikiondoka hukumu haiwezi kubaki ikielea hewani.

Je, shaka imeondoka? Kwa maradhi mengi bado. Kwa haya ya mishipa ya moyo, kwa mtu aliyekwisha kujulikana kuwa nayo, imepungua mno. Mwaka 1994 yalitolewa matokeo ya utafiti wa nchi za kaskazini ya Ulaya. Wagonjwa 4,444, wote wenye maradhi haya, waligawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja lilipewa kidonge cha kupunguza kolestroli, na la pili kidonge mfano wake kisicho na dawa, wala mgonjwa hakujua amepewa kipi. Baada ya miaka mitano na kitu, katika kundi lisilo na dawa walikufa kiasi cha watu 12 katika kila mia, na katika kundi lenye dawa 8. Na kabla ya hapo, mwaka 1988, utafiti wa watu zaidi ya 17,000 ulionyesha kuwa aspirini, kidonge cha senti chache, akipewa mtu aliyeshikwa na mshtuko wa moyo na kuendelea nayo mwezi mmoja, hupunguza vifo kwa zaidi ya moja katika tano.

Mwenzetu mmoja katika darsa, kijana mwenye akili, alitoa hoja hapa, nayo si hoja ya kupuuzwa. Alisema: "Sheikh, hesabu hii yatwambia kuwa katika watu mia, dawa imewafaa wanne. Wanane wamekufa nayo, na themanini na wanane wangaliishi hata bila yake. Basi huyu mmoja aliye mbele yetu, twamwambiaje kuwa dawa kwake ni kama mkate? Mkate humshibisha kila mwenye njaa."

Jawabu yetu ni hii. Ni kweli kuwa si yakini kama ya mkate. Lakini sharia haikungoja yakini katika mambo yetu. Mtu huelekea kibla kwa dhana yenye nguvu, kadhi hukata hukumu kwa mashahidi wawili ambao yamkini wamekosea, na msafiri akiambiwa na mtu mwaminifu kuwa njia ile ina majambazi, haimjuzii kuipita na watoto wake kwa kusema kuwa si kila apitaye hunyang'anywa. Dhana yenye nguvu, katika kulinda roho, hushika mahali pa yakini. Kisha hao wanne hawana alama usoni. Lau mtu angalijua kuwa yeye ni katika wale themanini na wanane, angalikuwa na udhuru. Hajui. Naye akiacha dawa huwa amejitia kwa makusudi katika mia ambayo watakufa kumi na wawili, akaiacha mia ambayo watakufa wanane, hali hapana kizuizi kati yake na hii isipokuwa kuudhika na vidonge. Jambo hili hatuwezi kuliita tawakali. Tawakali ni kazi ya moyo baada ya mkono kufanya kazi yake.

Na Umma umekwisha kuonyeshwa njia hii tangu zama za Masahaba. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham akapata khabari kuwa huko pameingia tauni, alirejea na watu wake. Abu Ubaida alimlaumu, kana kwamba amekimbia kadari ya Mungu. Umar akamfahamisha kuwa kuingia ni kadari na kurejea pia ni kadari, kama mchunga aliye na bonde lenye upande wa majani na upande mkavu: popote achungapo, ni kwa kadari. Basi kidonge nacho ni katika kadari. Presha imekadiriwa, na dawa ya presha imekadiriwa, na huyu mwenye kuiacha hakutoka katika kadari moja kwenda kwa Mungu. Ametoka katika kadari moja kwenda katika nyengine iliyo kame.

Mkutano wa wanazuoni wa fikihi wa ulimwengu wa Kiislamu, katika kikao cha Jeddah cha mwaka 1992, ulikata kauli kuwa kujitibu ni wajibu kwa mtu ikiwa kuacha kutapelekea kuipoteza nafsi yake, au kiungo chake, au kulemaa. Na sisi twaona kuwa mwenye maradhi ya mishipa ya moyo yaliyothibiti, mwenye uwezo wa dawa, na dawa isiyomdhuru, yu ndani ya kauli hiyo.

Tumesema "mwenye uwezo", na neno hili hatukulitia kwa kupamba. Iko tofauti kubwa kati ya atupaye vidonge na ambaye hana pesa za kuvinunua, akachagua kati ya dawa yake na unga wa watoto. Huyu wa pili hana lawama. Lawama ni ya jirani yake mwenye mali, na ya sisi tuwezao kuchanga kwa siku moja fedha za kupaka rangi mnara wa msikiti, tukashindwa kumlipia mtu dawa ya mwezi.

Na sasa twafika mahali palipo pagumu zaidi. Alikuwako katika mtaa wetu fundi wa cherehani, mshoni wa makanzu, mtu wa jamaa zote tano. Alipatwa na maumivu ya kifua, akapelekwa hospitali, mshipa wake ukafunguliwa kwa waya na kutiwa kiwavu cha chuma kiitwacho stenti. Alirudi akiwa kama kijana. Katika mwezi wa tatu aliacha vidonge vyote, akisema: "Mshipa umezibuliwa, dawa ya nini?" Hakupita mwezi mwengine akafa. Tulimsalia na kumzika. Baada ya siku saba walitujia wanawe wawili, na mkubwa akasema: "Sheikh, watu wanasema babetu amejiua. Na mwenye kujiua twajua khabari yake. Je, ni kweli?"

Tuliwajibu kuwa si kweli, na asemaye hivyo amesema neno kubwa bila ya elimu. Mwenye kujiua hukusudia kufa; babaenu alikusudia kuishi, na alishona mpaka siku yake ya mwisho. Tena hakujua. Aliambiwa maneno mengi kwa haraka, kwa lugha isiyo yake, akapewa mfuko wa dawa; wala hapana aliyemkalisha kitako akamfahamisha mambo mawili ambayo maisha yake yalikuwa yakining'inia juu yake. La kwanza ni kuwa stenti hufungua mahali pamoja, na maradhi ni ya mishipa yote. Mwaka 2007 utafiti wa Marekani na Canada, wa watu 2,287 wenye maradhi yaliyotulia, ulionyesha kuwa waliotiwa stenti pamoja na dawa hawakuwa wachache katika kufa wala katika kupatwa na mshtuko kuliko waliopewa dawa peke yake. (Hii ni kwa maradhi yaliyotulia, kwa mtu aliyezibika mshipa saa ile, kuufungua ni kumwokoa.) Na la pili, ambalo ndilo la khatari zaidi, ni kuwa chuma kilichowekwa ndani ya mshipa ni kitu kigeni, na damu hupenda kuganda juu yake, vidonge vya miezi ile ya mwanzo ndivyo viizuiavyo. Mwenye kuviacha kabla ya wakati huwa ameondoa ulinzi mlangoni. Na ujuzi ni sharti ya kulaumiwa.

Pia tuliwaambia kuwa ulimi wa matangani hauna mizani. Mtu mnene akifa watu husema: "Alijiua kwa biriani." Mtu mwembamba, asiyevuta wala asiyekula mafuta, akifa kwa maradhi yale yale, husema: "Kadari." Huku ni kucheza na kadari, kumpa tumpendaye na kumnyima tusiyempenda. Wako watu ambao kolestroli yao imezidi tangu tumboni mwa mama zao kwa urithi wa damu, nao hula chakula kimoja na sisi sahani moja. Ni nani aliyempasua huyu na yule akajua kilichomwua ni kipi? Abu Ubaida mwenyewe, aliyemlaumu Umar, alibaki Sham na watu wake akafa kwa tauni ile ile, na hapana Muislamu aliyethubutu kusema kuwa amejiua.

Lakini mdogo wao aliposimama kwa furaha, kana kwamba mambo yamekwisha, tulimkalisha. Tulimuuliza: "Baba yenu alipatwa akiwa na miaka mingapi?" Akasema: "Hamsini na mmoja." Tukamwambia: "Basi hukumu yenu si hukumu yake. Yeye hakujua, nanyi mwajua. Damu yake iko ndani yenu." Mtu aliyekwisha kufa twamtazama kwa huruma, kwani mbele yake hapana mlango tena wa kuchagua. Aliye hai twamtazama kwa jukumu, kwani mlango u wazi. Watu wengi huzigeuza: humlaumu maiti, na kumhurumia aliye hai kwa kumwachia sigara yake. Wale vijana walikwenda wakapimwa presha, sukari na kolestroli. Mkubwa alikutwa na presha, naye alikuwa hana habari nayo.

Wala haya si kwa wale tu waliofiwa. Mwenye kufika miaka arubaini, asiyejua presha yake wala sukari yake, amekaa katika ujinga ambao wauondoka kwa nusu saa. Na ujinga ambao mtu aweza kuuondoa akaukalia, si udhuru kama ujinga wa fundi wetu.

Hapa hatuna budi kuwataja wale wauzao dawa wakiziita za Sunna. Habasoda na asali ni vyakula vyema, nasi twavila. Lakini yuko muuzaji amwambiaye mgonjwa: "Acha vidonge vya Wazungu, nunua chupa hii." Huyu si mwenye kuhuisha Sunna, ni mfanyabiashara aliyelivaa jina lake, kama yule wa kombe na hirizi aliyemtangulia. Na mwenye kunywa dawa za kuzuia damu isigande asiende kuumikwa bila ya kumwuliza daktari wake, kwani damu yake haisimami upesi.

Kuhusu Ramadhani twaulizwa kila mwaka. Mwenye maradhi yaliyotulia, mara nyingi daktari aweza kumpangia dawa zake wakati wa futari na wakati wa daku, naye akafunga. Aliyepatwa na mshtuko karibuni, au ambaye kifua chamshika hata akipumzika, au moyo wake umedhoofika, huyu ale. Akikhofu kuangamia, kwake kula ni wajibu, na kufunga kwake ni maasi japokuwa yana sura ya ibada. Akipona atalipa, akiwa hatarajii kupona atatoa kibaba cha chakula kwa kila siku. Ama kile kidonge kiwekwacho chini ya ulimi kifua kinapobana, wanazuoni wale wale wa Jeddah, katika kikao chao cha mwaka 1997, walisema kuwa hakifunguzi maadamu mtu hakumeza kilichofika kooni. Kwa hivyo asivumilie maumivu mpaka magharibi kwa kukhofia funga yake.

Neno la moshi ni fupi. Mwenye kuvuta barazani hajidhuru peke yake. Akaaye na mvutaji siku zote, ingawa hajapata kuishika sigara, khatari yake ya moyo huzidi kwa kiasi cha robo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2007 imekataza kuvuta mahali pa watu wote, na sharia yetu ya kutodhuru wala kudhuriana iliitangulia kwa karne nyingi. Iweje mtu aogope askari wa baraza la mji asimwogope Mungu mbele ya mjukuu aliyempakata?

Limebaki la usiku. Maumivu ya moyo hupenda kumjia mtu alfajiri au usiku wa manane. Kifua hubanwa kama kwa jiwe, maumivu yakapanda taya au yakashuka mkono, jasho baridi likamtoka. Kwa wanawake, na kwa wenye sukari, huenda pasiwe na maumivu makubwa, huwa ni pumzi kukatika, kutapika, uchovu usio wa kawaida, na watu wakasema: "Ni gesi, mpe tangawizi." Mwenye hali hiyo isiyotulia kwa dakika chache asingoje kupambazuke. Nyama ya moyo huanza kufa kabla ya saa moja kwisha, na dawa ya kuyeyusha damu, au waya wa kufungua mshipa, hufaa zaidi katika saa za mwanzo. Atafune aspirini ikiwa haimdhuru wala hajakatazwa, na apelekwe hospitali kwa gari. Asitembee, wala asiendeshe mwenyewe. Kuona haya kumwamsha jirani mwenye gari si adabu katika saa kama ile.

Na tumeulizwa na mama mmoja: mumewe yuko safarini, na kifua kimembana usiku, je, atoke bila ya idhini yake, na afunuliwe kifua na daktari mwanamume? Twasema: atoke. Dharura imekwisha kumpa idhini kabla ya mume. Akipatikana daktari mwanamke aliye tayari saa ile ni vyema, na asipopatikana amtazame mwanamume kwa kiasi cha haja, na apimwe moyo kwa mashine pale pale. Mume mwenye akili ataambiwa asubuhi.